Niliuliza kama zeze iko muzuri, sikuuliza kama inasema

Bakubwa na bandugu bote benye munasoma cahier hii, daftari ya chama yetu ya cercle, jambo kwenu.

Nataka kuandika mambo yenye ilinipata mwezi jana. Ni kweli yote. Bwana yangu njo anatunzaka hii cahier, na nikiongeza chumvi atapitisha kalamu nyekundu. Munamujua.

Niko mama wa mutoto moja, miezi saba. Nilisoma école moyenne, ile ya nyuma ya primaire, kwa basista. Nasema ile juu musifikiri ni ujinga njo ilinipoteza. Masomo njo ilinipoteza. Nilitazama kintu na macho, nikasahau masikio.

Mambo iko hivi.

Baba yangu alimaliza kazi mu mine. Kampani ikamupa barua: nyumba iachwe mwisho wa mwezi, camion itamurudisha kwetu, upande wa Mitwaba. Miaka makumi mbili na mbili chini ya udongo, kiisha karatasi moja.

Baba anajua kupiga zeze. Kwa benye bamezaliwa hapa mu ville: ni fito ya mbao, nyuzi mbili tatu, na nusu ya kibuyu yenye unabandika ku kifua. Nyimbo za mama yake za kubembeleza batoto ziko mu kichwa yake tu. Mu familia yetu hakuna mwingine anazijua. Zeze yake mwenyewe ilivunjika zamani, shangazi aliikalia.

Nikasema: baba hatapanda ile camion mbele sijajifunza. Nilikuwa na siku kumi na mbili.

Bwana akacheka. «Mwanamuke na zeze? Bantu batasema nini?»

Nikamujibu: «Basikie kwanza, kiisha baseme.»

Nilikuwa na franga mia moja na makumi tano. Za kushona nguo. Zangu.

Nikaenda mu ville karibu na hoteli, kwenye banaume bananyoosha mikeka na kuuza souvenirs: pembe, shaba, majiwe ya kijani. Pale nikaona zeze moja inangaa, misumari ya shaba, mapambo ya kuchoma na moto ku kibuyu yote.

Nikauliza: «Iko muzuri?»

Mwenye kuuza akasema: «Muzuri sana, Madame.»

Madame! Na mutoto ku mugongo na matapishi ku bega. Mu hii ville hakuna mwenye aliniita vile. Nikalainika sawa siagi, nikalipa yote.

Baba akaibandika ku kifua. Akapiga mara moja. Mara mbili. Akaigeuza, akagonga kibuyu na kidole: nene sawa nyungu. Yale meno ya ku fito, kwenye vidole vinakanyaga, baliyapanga juu ya kupendeza tu. Kila sauti ilikuwa ya uongo.

«Mwanangu,» akasema, «hii ni ya kutundika ku kibambazi. Bazungu banatundika hata vichwa vya nyama ya pori.»

Nililia. Hapana machozi ya huzuni, ya kasirani.

Kesho yake nikarudi. «Rudisha franga yangu. Zeze yako haisemi.»

«Mama,» (ile jina ya Madame ilikwisha kufa) «uliuliza kama iko muzuri.» Akageukia benzake ba ku mikeka: «Bandugu, hii zeze iko mubaya?»

Bote bakapiga kelele: «Iko muzuri! Iko muzuri!»

«Unaona? Ungeuliza kama inasema, ningekuambia inanyamaza.»

Bakubwa, nisimame kidogo hapa. Shida ni hii neno yetu. Muchuzi muzuri, kitambaa muzuri, padri muzuri, njia muzuri. Tunafunga kila kintu na kamba moja. Ule bwana hakusema uongo. Ile njo iliniwasha zaidi.

Nikakaa chini ku mukeka wake. Nikafungua mutoto, nikamuweka ku magoti, nikaanza kupiga. Kila Muzungu alifika, nilipiga na nguvu. Mutoto na yeye akalia, sisi babili pamoja. Madame moja alikuwa na tembo ya pembe mu mukono, akairudisha chini, akaniuliza kama niko mugonjwa.

Nikamujibu na français ya basista: «Non Madame, c'est l'instrument», mugonjwa ni hii zeze.

Mbele ya saa sita ule mwenye kuuza alichoka. Akabeba zeze yake, akanirudishia franga mia moja. Ile makumi tano ingine, alisema, amekwisha kuikula. «Enda Ruashi kwa Papa Ilunga, njo anatutengenezeaka. Mwambie ni ya kupiga. Na usirudi!»

Papa Ilunga, mbele hata sijakaa, akauliza: «Ya kutundika ao ya kupiga?»

«Ile ya kwanza ni weye ulitengeneza?»

«Njo mimi. Bananilipa juu ipendeze, naipendezesha.» Bila haya hata kidogo!

Ya kupiga ilipita franga yangu. Akanieleza: fito haiko ghali. Ghali ni kibuyu ya zamani yenye imekauka bien, mu ville haipatikane. «Leta kibuyu yako, fito utaweza kuilipa.»

Mama-mukwe wangu alikuwa na moja ya kuchotea munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, nyeusi ya moshi, nyepesi sawa ganda ya yai. Akakatala. «Na munkoyo nitachota na nini? Na mudomo?» Nikamupa kopo yangu ya émail yenye maua, ya ndoa. Akaitazama mbele na nyuma, akakubali.

Papa Ilunga akaikata, akaifunga ku fito. Kiisha akaita muke wake aniwekee ku kifua, juu kibuyu inapimwa ku mwili wa mwenye kupiga. Ule mama akaisogeza juu, chini, akakunja uso.

«Umenyonyesha leo?»

«Bado.»

«Nyonyesha kwanza! Kifua imejaa maziwa, unatuharibia sauti.»

Nikanyonyesha. Tukaanza upya. Sasa ile zeze ilisikilika mupaka ku mifupa. Haina hata musumari moja ya kungaa.

Baba alinifundisha kila asubui. Wimbo moja nikaushika siku mbili. Wa pili siku tatu. Tulikuwa katikati ya wa tatu, na camion ikafika siku moja mbele ya ile balituambia. Chauffeur hakuzima hata moteur. Baba alipanda juu ya mifuko, akaniimbia toka kule juu, niliona midomo inatembea, sikusikia neno.

Kwa benye munatafuta zeze na franga kidogo: musiuze akili yenu kwa misumari. Mununue fito peke, kibuyu muitafute mu jikoni ya bazee. Mupige mbele ya kulipa. Na mama mwenye kunyonyesha, anyonyeshe kwanza. Mwenye iko na mengine ya kutoa shauri, kurasa ziko.

Lakini kwanza munijibu hii. Wimbo wa tatu ni wa mama moja anakimbiza nyani yenye iliiba mahindi yake. Anapita shamba, anapita majani marefu, anafika ku muto, maji imejaa, mutoto iko ku mugongo.

Nyuma ya pale sijui. Kila siku namulaza binti yangu na ule mama angali amesimama ku maji.

Mwenye kwao ni upande wa Mitwaba, ao mwenye nyanya yake aliimbaka ile: ule mama aliingia mu maji? Andika hapa chini, hata na makosa. Kama hakuna anajua, nitafunga mutoto ku mugongo, nitapanda camion, nitaenda kuuliza.