Binti wa Haji Gholamali

Baba yako akikataa hospitali kwa sababu ya somo unalofundisha wewe, utamfanya nini?

Daktari Mahlagha alijiuliza hivyo majira yote ya baridi. Hapa Kerman anatufundisha sisi wanafunzi wa udaktari tiba ya kale ya Kiajemi: mwili wa nani ni wa moto, wa nani ni wa baridi, na namna ya kushika mshipa kwa vidole vinne. Alikulia sokoni, nyuma ya mizani ya baba yake, Haji Gholamali, muuza mitishamba, akasoma ili atoke humo. Chuo kilipotafuta mwalimu wa somo hilo, nani mwingine angepewa? Akarudishwa kwenye harufu ileile. Madaktari wenzake wakamwita Bibi Majani. Sokoni wakamwona karibu sawa na walii.

Sisi wasomi tunapenda kuchagua upande: ya kale yote uongo, au ya kale yote dhahabu. Uvivu mtupu! Yeye alikataa uvivu huo, na pande zote mbili zikambana.

Macho ya Haji yalikuwa yakigeuka manjano. Alikunywa maji ya kasni, dawa ya ini ya tangu zamani, glasi baada ya glasi, na nguo zikazidi kumpwaya.

"Twende hospitali, baba."

"Binti yangu anafundisha madaktari, halafu mimi nikapange foleni kwa wanafunzi wake? Watu watasema dawa zangu takataka, na somo lako takataka."

Jumanne moja Mwalimu akamleta baba yake darasani. Haji alifurahi ajabu. Alivaa koti lake la sikukuu ya mwaka mpya.

"Huyu mrefu ni wa moto au wa baridi?" akauliza, akinielekezea kidole.

"Huyo ni kiporo, Haji," mwenzetu Shahrokh akadakia kutoka nyuma. Tukacheka, na mzee akacheka kutushinda.

Mwalimu akatuambia tumpime kwa kanuni za kale tu. Tukashika mshipa, tukatazama ulimi, kucha, macho. Kicheko kikaisha.

"Mnasemaje?" Mwalimu akauliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

Nikasimama.

"Haji, sisi tumefika mwisho. Wewe ni wa kupelekwa kwa mpasuaji."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Binti yako. Somo la kwanza kabisa: magonjwa ambayo tiba hii haiyagusi."

Mzee akamgeukia. "Kumbe umenitegea."

"Ndiyo, baba."

Akafunga vifungo vya koti polepole. "Nitakwenda, hata leo. Ila duka lisifungwe hata siku moja. Utakaa wewe."

"Na wateja wakiuliza uko wapi?"

"Utajua mwenyewe. Si wewe ndiye mwalimu?"

Asubuhi iliyofuata nilipita sokoni. Mwalimu alikuwa kwenye kigoda cha baba yake, miguu imebanwa kati ya magunia ya maua makavu, akimpimia mama mmoja majani ya nanaa.

"Haji yuko wapi leo?" mama akauliza.

"Hospitali, mama. Wanampasua asubuhi hii."

"Wee! Haji huyuhuyu? Na wewe, tabibu wetu, upo?"

"Nipo. Mimi ndiye niliyempeleka."

Yule mama akamtazama, akaitazama mizani, kisha akavuka njia na kuingia duka jingine la mitishamba. Mwalimu akainua majani kwenye mizani, akayarudisha guniani, akakaa tena.