Ndege Iliyopita Chini Mara Tatu

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya Korogwe, nikamwomba kijana wa bodaboda anipeleke mpaka kwenye shamba la mkonge nilikozaliwa. Tulizunguka sana vichakani. Nilipomwambia asimame, kwamba hapo palikuwa na uwanja wa ndege, alicheka. "Mama, unanitania. Ndege itue kwenye mihogo?" Nikashuka, nikatafuta. Sikuona hata jiwe moja la mpaka wa uwanja, yale yaliyopakwa chokaa.

Lakini ulikuwepo, msomaji wangu, na mlinzi wake alikuwa Baba. Tuliishi kwenye kambi ya wakata mkonge, karibu na korona, mtambo wa kukamua nyuzi, na harufu yake chachu iliingia mpaka kwenye uji. Jumamosi Mama alisonga bada, ule ugali wetu wa muhogo, mapema kuliko siku nyingine, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya ndege, na Baba hakupenda kukimbiza ng'ombe na njaa tumboni.

Ndege nilizijua kama watoto wengine wanavyojua mbuzi wa kwao. Ya meneja ilikuwa ya bawa la juu, injini moja, viti vinne. Ya wenye shamba, waliokuja mara chache, ilikuwa na injini mbili na bawa la chini, tumbo lake karibu liguse nyasi. Ya kunyunyizia dawa ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na rubani wake alikaa kichwa nje kama mtu aliyepanda punda. Kuruka hakukuwa na taabu. Ndege ilikwenda hadi mwisho wa uwanja, ikageuka kuutazama upepo, ikanguruma breki zikiwa zimekamata, kisha ikaachiwa. Kazi ilikuwa kutua. Upande mmoja kulikuwa na mto, upande wa pili milingoti, ile miti mirefu ambayo mkonge huitoa ukizeeka, na upepo wa milima ya Usambara ulipiga ubavuni. Ndege ilikuja kiupandeupande kama mbwa anayekimbia, ikanyooka magurudumu yakiwa karibu kugusa chini. Nilikuwa nabana pumzi mpaka vumbi litimke.

Tena kulikuwa na sheria moja. Ng'ombe wakiwa uwanjani, rubani hatui. Hupita chini kabisa, juu ya migongo yao, ili watawanyike, kisha huzunguka na kurudi. "Akipita chini," Baba alikuwa akisema, "anakwambia ondoka."

Shamba lilipotaifishwa, meneja alikwenda zake na ndege zikakoma. Baba akaturudisha Handeni kwa ndugu zake, tukaingia kijiji cha ujamaa upande wa Sindeni. Huko nako, kwa jembe na panga, watu walikuwa wamefyeka uwanja ili kumpokea mkubwa mmoja wa mkoa. Siku hiyo alipotua salama kijiji kizima kilimlaki kwa ngoma na majani mabichi, akatusifu sana. Kwa hiyo kijijini kwetu ndege ilikuwa na maana moja tu: mgeni wa heshima.

Kisha Mama akashikwa na uchungu wa uzazi. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Bibi aliyekuwa mkunga wa kijiji akatoka nje akifuta mikono. "Mimi nimefika mwisho," alisema. "Huyu anataka kisu cha daktari." Katibu wa kijiji akakimbilia ofisi ya kata kupiga simu ya upepo. Hospitali ya misheni ikajibu kwamba ndege itakuja kesho yake asubuhi.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mwema. Aliposikia kwamba ndege inakuja, alifanya alichokijua: akapiga mbiu kwamba asiende mtu shamba, wote waje na ngoma na majani kumlaki mgeni. Asubuhi Baba na majirani walimbeba Mama na kitanda chake hadi mwisho wa uwanja. Sisi wa shule tulipangwa kando ya uwanja, usawa wa katikati, na mwalimu akaniweka mstari wa mbele. "Wewe ndiye mwenye mgonjwa. Umshukuru daktari kwa niaba yetu." Waliokuwa nyuma walisukuma ili waone, na mistari ikazidi kuingia uwanjani.

Ilikuja ndege nyeupe ya bawa la juu, injini moja. Ilishuka vizuri, kisha ikanyanyuka na kupita juu ya vichwa vyetu hadi majani yakatutoka mikononi. Vigelegele vikapasuka.

"Katusalimia!"

"Rudi tena, baba, hatujashiba!"

Nikamvuta mwalimu shati. "Mwalimu, hatusalimii. Anatufukuza."

"Nani afukuze watu waliomjia na nyimbo? Imba."

Nikaimba.

Ilipopita mara ya pili nilimwona Baba akikimbia kutoka kule mwisho, mikono juu, mdomo wazi, na sauti yake haisikiki kwa ngoma. "Mwoneni baba wa watu alivyofurahi!" akasema mama mmoja, naye akaingia uwanjani kucheza. Mara ya tatu ilipita chini zaidi. Kisha ikapanda, ikageuza mkia, ikaelekea Korogwe.

"Labda anazunguka kidogo," alisema mwenyekiti. Tulisubiri hadi jua likawa utosini.

Baba hakumgombeza mtu. Alipakia kitanda kwenye tela la trekta ya kijiji, tukashika barabara ya Korogwe. Mama alifariki kabla hatujavuka mto Pangani, na mtoto akiwa bado tumboni. Baba alikaa na kichwa cha Mama mapajani, akaniangalia. "Wewe ulijua," alisema. Hakulirudia neno hilo maisha yake yote.

Mwaka uliofuata uwanja ulilimwa pamba ya kijiji, na baadaye hata kijiji chenyewe kikatawanyika. Siku hizi jeti za matajiri, injini mkiani, hupita juu mno hata sauti haifiki. Mwenyekiti amekufa, mwalimu amekufa, bibi mkunga na Baba vilevile. Hakuna aliyebaki wa kumweleza kwamba nilisema, mara moja, kwa sauti ndogo, nikaambiwa niimbe.