Faili la Msingi

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kituo kidogo cha Junda kilichokuwa kikirekodi sauti za wazee wa Kisauni na Likoni. Wa kwanza kurekodiwa alikuwa bibi mmoja wa Likoni, aliyetusimulia asubuhi nyingi, kwa Kimvita cha kwao, jinsi walivyoozwa, walivyozaa na walivyozikana. Alipofariki, binti yake alituma salamu kwamba hitima ikishapita atakuja kuchukua sauti ya mamake.

Rekodi zilikaa ndani ya kompyuta isiyoshikika kwa mkono, faili moja kubwa tu lililoendeshwa ndani ya seva yetu. Kabla ya kubadilisha chochote ndani yake, nilihifadhi hali yake kwa kile tunachokiita snapshoti. Snapshoti si nakala kamili. Ukishaiweka, mabadiliko yote huandikwa pembeni, na ya zamani hubaki katika faili la msingi.

Nikashikwa na homa, nikalala chumbani kwangu Bombolulu. Huku nyuma diski ikajaa, mashine ikagoma. Mkuu wa kituo, mwalimu mstaafu, mtu mpole sana, akaona faili kubwa la tarehe za kale na snapshoti mpya kando yake. Akadhani hizo mpya zimebeba kila kitu. Akalifuta la kale, na nafasi iliyopatikana akaijaza video za mahojiano mapya.

Niliporudi nilimkuta amekaa mbele ya seva. Alinieleza yote bila kuficha, kisha akauliza, "Litarudi, mwanangu?"

Nilimwambia nitajaribu, ingawa nilishajua. Video zilikuwa zimeandikwa palepale lilipokuwa faili. Diski ya nje tuliyowekea nakala ilikufa zamani, na kila tulipoomba nyingine tuliambiwa inshallah. Nikachokorachokora zile snapshoti, nikatoa vipande vya sauti vilivyokatikakatika. Kimoja kilikuwa cha mwanamke mzee akicheka, kisha akisema maneno machache kuhusu kisima. Nikajipa tumaini.

Binti akaja, mtu mzima mwenye mvi. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyotokea, nikamvisha vipokea sauti masikioni. Alifumba macho. Kicheko kilipokwisha akaniomba nirudie, nikarudia.

"Huyu si mama," akasema. "Huyu ni jirani yetu. Yeye yuko hai."

Mwalimu akaanza kumwomba radhi. Yule binti akamwambia wallahi hana kinyongo naye, ila akauliza kama hata kikohozi cha mamake hakikubaki. Nikasema hakikubaki. Akavua vile vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu, akatuaga.

Baadaye alipiga simu mara kadhaa kuuliza kama kuna lolote. Nilimjibu vilevile kila mara, mpaka akaacha kupiga. Mwalimu hakuigusa seva tena. Mimi niliendelea kuziangalia snapshoti zile kila nifikapo kazini. Hazikuwa na faida kwa yeyote, na sikuweza kuzifuta.