Ufunguo Ndani ya Gitaa la Mzee Muli

Ukiniona kanisani nimekalia mikono yangu, usidhani ni unyenyekevu, ni aibu ya miaka ya tisini ambayo mpaka leo haijaniisha.

Nilikuwa fundi wa redio hapo mtaa wa Umoja, Nairobi, tena fundi mwenye kiburi, nikimpenda Mwende kwa siri, na Jumapili ya kisa hiki, baada ya ibada, ndiyo alikuwa anipeleke kwa baba yake, Mzee Muli, ambaye alinijua tu kama kijana wa kufunga spika. Mzee alikuwa mkali (mashemasi wenyewe walimpisha mlangoni), na roho yake yote ilikuwa kwenye gitaa moja linalolazwa kama meza, nyuzi kumi juu, pedali chini, aliloachiwa na mmishenari ambaye yeye Mzee alikuwa dereva wake.

"Fundi, kaa na hii kitu nikanywe chai kwa pasta," akaniambia kabla ya ibada. "Lakini usiiguse."

Nikakaa, nikaangalia. Chini ya nyuzi kuna kipande cha sumaku kinachonasa sauti, na nikaona kimeinuka upande wa nyuzi nyembamba na kuinama upande wa zile nene, basi mikono ikaanza kuniwasha. Nikajiambia nikikinyoosha Mzee atashangaa, atauliza ni nani huyu bingwa, na mimi nitakuwa nusu mkwe kabla ya chakula cha mchana. Bisibisi sikuwa nayo, nikatoa ufunguo wa chumba changu (ulikuwa umefungiwa kiondo, kikapu kidogo kama kidole gumba, alichonisukia Mwende), nikazungusha skrubu mpaka sumaku ikalala sawa kabisa. Hapo nikasikia Mzee akikohoa mlangoni. Ufunguo ukaniponyoka, ukateleza chini ya nyuzi, sumaku ikaudaka, na watu wakaanza kuingia.

Nilirudi kwenye benchi. Niliomba siku hiyo kuliko pasta.

Mwende akasimama kuimba, Mzee akafumba macho kama kawaida yake, akapiga. Nyuzi nyembamba zikatoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, halafu krrr, krrr, ufunguo ukazikwaruza. Mzee akafumbua macho, akaacha kupiga, na Mwende akabaki peke yake katikati ya ubeti. Mimi nilikuwa nimeloa jasho mpaka soksi.

Mzee akauchomoa ufunguo, akauinua, kile kiondo kikining'inia mbele ya kanisa zima.

"Huu msuko naujua," akasema. "Ni wa nyumbani kwangu. Mwende, ufunguo wa nani huu?"

Mwende akaangalia viatu vyake. Nilipima umbali wa mlango, nawaambia ukweli, lakini ningekimbilia wapi na chumba kimefungwa? Nikasimama.

"Wangu, Mzee."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Fundi. Hizi nyembamba ni waya wa breki ya baiskeli, kwa sababu nyuzi zake hapa Nairobi hakuna. Sauti yake ni ndogo, ndio nikainua sumaku upande huu. Wewe ukaona imepinda?"

Kanisa likacheka. Yeye hakucheka. Akafungua fundo, akanipa ufunguo mtupu, kiondo akakitia mfukoni mwa koti. "Ufunguo ni wako. Hiki ni cha kwetu."

Nilikaa miaka miwili bila kukiona. Siku tulipopeleka mbuzi wa mahari ya Mwende, Mzee alinivuta kando, nikadhani ni baraka, akaniwekea kiondo mkononi na kuninong'oneza, "Bado usiiguse."

Sijaigusa.