Yah: Kusitisha Simu

Mwaka wa pili wa masomo yangu ya utawala, mitihani ilipokaribia, nilimwandikia mke wangu barua yenye kichwa cha habari. Nasema kweli. Juu kulia niliweka anwani yangu ya chuo, Morogoro, chini yake tarehe, kisha herufi kubwa zilizopigiwa mstari: YAH: KUSITISHA SIMU KIPINDI CHA MITIHANI. Nilimwelekeza asinipigie wala kunitumia meseji mpaka nimalize. Likiwepo jambo, aliwasilishe kwa maandishi. Nikasaini, nikamkabidhi kondakta wa basi la Lushoto.

Sababu niliyoandika ilikuwa utulivu wa kusoma. Sababu yenyewe ni kwamba wenzangu bwenini walinicheka nikiongea Kishambaa kwenye simu, na mke wangu akipiga haongei kingine. Yeye aliishia darasa la saba, na mimi nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa ofisini kabla sijapewa hata kiti.

Wiki ya kwanza ya mitihani kondakta yuleyule akaniletea bahasha. Niliutambua mwandiko wa mke wangu, anavyobonyeza kalamu mpaka karatasi inataka kutoboka. Nikadhani ni habari za maharage na mvua. Nikaiweka kwenye faili, nyuma ya notsi, niisome nikimaliza. Simu yake haikuja, nami nilifurahi. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Niliifungua baada ya mtihani wa mwisho, nimekaa kwenye ngazi za bweni, bado nabishana na wenzangu kuhusu swali la tatu. Alikuwa ameifuata barua yangu mstari kwa mstari. Anwani yake juu. "Kwa mume wangu." Chini yake, "Kupitia kwa mama mkwe," maana wa chini hamwandikii mkubwa moja kwa moja, hilo sijui alifundishwa na nani, labda mwenyekiti wa kitongoji. Mama yangu hajui kusoma. Pembeni ya maneno hayo aliweka dole gumba, wino wa bluu umetapakaa. Kisha: YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUKUPIGIA SIMU. Mtoto wetu amelazwa Bumbuli kwa nimonia, anamwita baba, anataka kusikia sauti yako. Natanguliza shukrani.

Kulikuwa na tarehe pia. Barua ilikaa siku tisa kwenye faili langu.

Sikuthubutu kumpigia; nilipanda basi kesho yake asubuhi. Kuanzia Mombo, gari linapopanda mlima, nilitunga maneno ya kuomba radhi, na yote yalinuka ofisi.

Nyumbani mtoto alikuwa ameshatoka hospitali, amekonda, anakunywa uji. Hakunikimbilia, alijificha nyuma ya khanga ya mama yake. Nilimwamkia mama yangu, akaitikia bila kuniangalia. Mke wangu akanipokea begi, akauliza mitihani imekwendaje, akaniandalia maji ya kuoga. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Natamani angenikejeli.

"Kwa hiyo, baba, lile ombi lilikataliwa?"

Ningeweza kusema barua ilichelewa njiani. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia niliipata mapema, ila sikuifungua.

Alimfuta mtoto uji kidevuni.

"Basi ni kosa langu," akasema. "Sikuandika 'Haraka' juu ya bahasha."