Nilivyomsema Mwandishi kwa Kiswahili, Naye Kakaa Mbele Yangu

Nitawasimulia, ila msinitazame usoni, maana hadi leo nikikikumbuka kile chumba cha Braamfontein natamani ardhi ipasuke inimeze, na wakati mwingine niko peke yangu jikoni najikuta nasema "yarabi!" kwa sauti, mume wangu anauliza nimeungua nini. Sijaungua. Nimekumbuka tu.

Ilikuwa 2017. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya fasihi hapa Johannesburg, na Jumamosi mchana tulikuwa na kikundi cha kusoma vitabu, Watanzania, Wakenya na Wakongo, tunakutana kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitabu vya mitumba. Kiongozi wetu alikuwa Ombeni, mwalimu wa Kifaransa kutoka Bukavu, mpole, hana neno na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno (wanaonijua mnacheka, chekeni).

Safari ile tulisoma riwaya ya falme za kubuni na uchawi, iliyojengwa juu ya hadithi ya kale ya Ireland. Hadithi yenyewe naijua vizuri kwa sababu ndiyo niliyokuwa naiandikia tasnifu. Kuna shujaa, jina lake lina herufi nyingi na nusu yake hazitamkwi, alizaa mtoto na mwanamke wa ng'ambo akamwacha. Akamwachia mtoto pete, na mwiko kwamba asimtajie mtu yeyote jina lake. Mtoto akakua, akavuka maji kumtafuta baba, akafika ufukweni, akaulizwa wewe nani, akakataa kusema kwa ajili ya ule mwiko. Shujaa akapigana naye kulinda heshima ya mfalme wake, akamuua, ndipo akaiona pete. Hivyo ndivyo nilivyoijua mimi: baba hakujua, na kilichomsukuma ni heshima.

Sasa huyu mwandishi wa riwaya alifanya nini? Kamfanya shujaa aione pete mapema, kabla hajachomoa upanga. Anajua kabisa huyu ni mwanangu, na bado anaingia vitani, kwa sababu nyuma yake wamesimama mke mpya na watu wanaomsifu, na mtoto yule ni aibu iliyokuja kwa mashua. Nilikasirika, jamani! Niliona ameharibu. Na jalada lilikuwa na herufi mbili na jina la kizungu, basi mimi nikaamini kabisa huyo ni mzee fulani mwenye ndevu, yuko huko kwenye baridi anaandika na paka miguuni.

Siku ya kikao Ombeni akaja na mwanamke mmoja mrefu, amefunga kilemba cha bluu. Yule dada akatusalimu kwa Kizulu, "Sanibonani," akatabasamu, akaketi karibu na dirisha. Ombeni akasema, "Uyu ni mugeni wetu, nitamuonyesha kwenu vizuri, ngojeni kwanza nishuke nichukue soda," akatoka mbio.

Hapo ndipo nilipofanya kauamuzi kangu kadogo. Mwenzangu mmoja aliuliza kama tuzungumze Kiingereza kwa ajili ya mgeni, nami nikasema, "Aa, tuendelee tu na Kiswahili, huyu hasikii." Kisha, kwa kuwa hasikii, nikaongeza, "Ombeni naye kumbe ana mtu wake! Mbona ni mkubwa kwake hivi?" Watu wakacheka. Mgeni akanitazama, akatabasamu tena, ila kidogo kuliko mara ya kwanza. Nikamgeukia kwa Kiingereza changu cha adabu, nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema anaandika andika. Nikamwambia, nikimgusa bega kabisa, asikate tamaa.

Nikaanza hotuba. Nikasema waandishi wa siku hizi hawawezi kuvumilia shujaa anayesukumwa na kiapo au heshima, lazima wamtafutie kidonda moyoni, lazima awe mwoga ndani. Mpaka hapo ningenyamaza ningekuwa salama, hata ningeonekana msomi. Lakini wenzangu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali, na mimi nikikubaliwa sijui kusimama, basi nikanyanyua kitabu juu nikasema, "Hakuna baba anayemjua mwanawe akamkana machoni pake! Aliyeandika haya hajui baba ni kitu gani. Pengine hakuwahi kuwa naye."

Mlango ukafunguka, Ombeni huyo na soda zake, na nadhani alisikia maneno ya mwisho, maana alisimama palepale. "Mungu wangu, Rehema," akasema, "uyu njo mwenye aliandika kitabu."

Sikuelewa. Nilimtazama Ombeni, nikatazama jalada, nikamtazama yule dada. Na yule dada akasema kwa Kiswahili, tena si cha kujifunza ukubwani, Kiswahili cha Morogoro kilichonyooka:

"Nilikuwa na baba. Na alinijua."

Akatueleza taratibu, bila hasira (afadhali angenitukana), kwamba anaitwa Zodwa, na lile jina la jalada ni la kuandikia tu. Baba yake alikuwa mkimbizi wa siasa kutoka huku Afrika Kusini enzi za ubaguzi, akamwoa mama yake, Mluguru, akamzaa yeye Morogoro. Nchi ilipofunguka baba akatangulia kurudi, akisema atawaita. Hakuita. Wakamfuata. Mzee akatoka getini, mkewe mwingine nyuma yake, akawatazama yeye na mama yake, akasema, "Hawa siwajui."

Mtu mwenye akili angesema samahani akanyamaza. Mimi, eish, nikataka kurekebisha. Nikasema, "Lakini dada, pengine naye alikuwa na lake lililomfunga, kama kile kiapo cha..." Nilijisikia mwenyewe nikisema. Nilikuwa namtetea baba yake kwa tasnifu yangu.

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu. "Kila mtu ana sababu ya kumpa yeye. Mimi nilimpa ya kwangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo kwamba anasikia Kiswahili. Akachukua mkoba wake. "Mama alifariki mwaka jana. Nyumbani hakuna tena wa kuzungumza naye. Nilitaka nikae tu niwasikilize."

Akamshukuru Ombeni, akatuaga wote, nami pia, akashuka ngazi. Sikumfuata. Nilirudi nyumbani Turffontein kwenye basi nikiwa nimekumbatia kitabu kifuani, nalia, abiria wa pembeni ananiuliza kama nimeibiwa.

Nilimtumia ujumbe wa kuomba radhi kupitia kwa Ombeni. Jibu likaja baada ya muda mrefu, maneno matatu: "Nimesikia, mdogo wangu." Hakusema amesamehe, na sikuthubutu kuuliza. Kikundini hakurudi.

Tasnifu niliimaliza, ila ile sura ya baba na mwana niliiandika upya yote. Na niliapa, sitamsema tena mtu aliye mbele yangu kwa lugha ninayodhani haisikii. Nikiulizwa kwa nini shujaa fulani alitenda alivyotenda, nasema sijui, ngoja nisome tena. Wanadhani ni unyenyekevu. Ni woga mtupu.