Mkono na Kinywa Huko Sironga

Sikwenda Sironga kutalii. Nilikwenda kwa sababu dada yangu Agnesi aliniandikia kwamba amejifungua mtoto wa kiume, kwamba jina lake ni Yosefu, na kwamba hamtaki mwingine asimame kuwa baba wa ubatizo ila mimi. Agnesi aliolewa mbali. Mumewe, Zakaria, ni Mgusii aliyekuwa akikata mkonge huku kwetu Taita, na mkataba ulipokwisha alirudi kwao akiwa na dada yangu. Mtoto wao wa kwanza, Maria, alifariki wiki ile ile aliyozaliwa, nami sikwenda kuzika. Kazi ya uashi ina visingizio vingi. Safari hii nikasema liwalo na liwe, hata ukuta wa chifu usubiri.

Barua ilieleza kwamba Yosefu alitoka tumboni akiwa hoi, kwa hiyo baba mkwe wake Agnesi, ambaye ni katekista, alimbatiza haraka nyumbani. Sasa alikuwa na miezi miwili, akikohoa lakini akinyonya. Lililobaki ni kumpeleka parokiani apakwe mafuta, avikwe nguo nyeupe, aandikwe kitabuni. Nikanunua kitambaa cheupe kwa Mhindi, nikafunga begi.

Voi, Jumatano jioni. Nilipanda treni daraja la tatu, nikafika Nairobi asubuhi, nikakaa stesheni mchana kutwa nikilinda begi, jioni nikapanda nyingine ya Kisumu. Kuhusu usiku huo wa pili nitasema tu kwamba mama mmoja alikuwa na kuku wanne na hakuna hata mmoja aliyelala.

Kisumu, Ijumaa asubuhi. Joto la huko ni kama la kwetu, nikajiona nimefika nyumbani. Basi la Kisii lilinitoa katika kosa hilo. Baada ya Sondu lilianza kupanda, likapanda, na kila kona baridi ikazidi. Migomba kila mahali, na katikati ya migomba mashamba ya pareto yenye maua meupe. Sikuona hatua kumi za ardhi zilizoachwa bure.

Mjini Kisii niliingia hoteli ya mzee mmoja Mwislamu ambaye Kiswahili chake kilinifurahisha, maana tangu Nairobi nilikuwa nasikia cha kuparuzaparuza. Akalitazama shati langu la mikono mifupi.

"Waenda wapi na shati hilo, bwana?"

"Sironga, kupita Nyamira."

"Basi kunywa chai ya pili. Ya kwanza ni ya njaa, ya pili ni ya baridi."

Alisema kweli. Lori la pareto lilinifikisha Nyamira, na kutoka hapo nikatembea kwa mvua nyembamba iliyoingia hadi mifupani.

Sironga, saa kumi na moja jioni. Agnesi alinikumbatia akalia, kisha akanicheka kwa jinsi nilivyotetemeka. Zakaria akasema, "Shemeji, mgeni njoo mwenyeji apone. Leo tutakula kuku kwa sababu yako." Wakanikalisha jikoni karibu na moto. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko nilivyotaka awe, na kifuani mwake mlikuwa na mlio.

Mara nikasikia kikohozi nje. Mzee mrefu, koti jeusi, rozari shingoni, amesimama hatua tatu kutoka mlangoni huku mvua ikimnyeshea. "Mimi ni Petero, katekista," akaniambia. "Karibu kwetu." Nikamjibu kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angejibu: "Asante, Mzee. Pita ndani, uote moto."

Zakaria akainamisha kichwa. Mzee akatabasamu, akasema ana kazi, akaenda zake.

"Umetuaibisha, lakini hukujua," Zakaria akaniambia. Akanieleza kuwa kwao baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata iweje. Jambo hilo wanaliita ensoni. Ni haya, lakini si haya ya kuficha uso tu. Ni mpaka kati ya wazazi na watoto waliokwisha kuwa watu wazima, na mzee anayeuvuka amejivua heshima. Mimi, kaka wa mke, ningeweza kulala humo mwaka mzima. Mzee aliyenunua mabati ya nyumba hiyo hakujua jiko lake limekaa upande gani.

Jumamosi, parokiani. Tulitembea saa mbili, Agnesi na mtoto mgongoni, Zakaria, mimi, na mzee akitangulia mbele na mwavuli wake. Padri alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyekundu, mwenye Kiswahili cha kitabuni na Kigusii ambacho kina mama walikicheka na kukipenda. Alifungua kitabu kikubwa, akachovya kalamu.

"Nani alimbatiza?"

"Mimi," akasema mzee.

"Ulimwaga maji mara tatu?"

"Maji alimwaga mkunga. Mvua ya mawe ilikuwa inanyesha, mtoto hakuweza kutolewa nje. Mimi nilisimama mlangoni nikasema maneno kwa sauti. Yeye ndani akamwaga."

Padri akaiweka kalamu chini. Aliuliza tena, polepole, kama mtu anayetumaini amesikia vibaya. Mzee akarudia yale yale.

"Katekista," padri akasema, "anayemwaga ndiye anayesema. Mkono na kinywa vya mtu mmoja. Mtoto huyu hajabatizwa." Kisha akaongeza haraka, "Si neno. Nitambatiza mimi sasa hivi. Leteni maji."

Angekuwa mwingine, jambo lingeishia hapo. Lakini namjua dada yangu tangu akiwa hana meno. Alikuwa amekwisha mfungua mtoto mgongoni, akamfunga tena.

"Padri, na Maria?"

Padri hakuelewa. Zakaria akamweleza kwa sauti ya chini: mtoto wa kwanza, aliyekufa, alibatizwa hivyo hivyo. Mkunga yule yule, mlango ule ule.

Nampa padri heshima yake, hakutafuta uongo. Akasema Maria naye hakubatizwa, lakini Mungu hafungwi na mlango, na tumkabidhi kwa huruma yake.

"Huyu apate nini ambacho dada yake amekosa?" Agnesi akauliza. "Miaka miwili nimekuwa nikilala usingizi kwa sababu niliambiwa ana jina mbinguni. Twendeni nyumbani."

Tukarudi. Mumewe alimsihi, mimi nikamsihi, nikamwambia kifua cha mtoto si kizuri, asifanye hasira juu ya roho ya mwanawe. Akanijibu, "Wewe hukuja kumzika Maria." Na ilikuwa kweli. Mzee Petero alitembea nyuma kabisa, mwavuli ameukunja, na mvua inanyesha.

Jumapili, Sironga. Sikumwona mzee katika kanisa dogo la kijijini, na watu walishangaa. Rozari iliongozwa na mtu mwingine. Mchana mtoto akaanza kuwaka moto. Alikataa ziwa. Kufikia saa tisa midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda, na alipokuwa akivuta pumzi ngozi ilizama kati ya mbavu. Zakaria alikimbia kutafuta mtu mwenye gari wa kumpeleka hospitali. Nikabaki mimi na Agnesi, na hofu.

Ndipo nikasikia kile kikohozi. Mzee alikuwa nje, hatua zile zile tatu.

"Agnesi, mwanangu, upo?"

"Nipo, Baba."

"Nina neno. Nilisome hapa hapa." Alisema "nilisome" kana kwamba limeandikwa, na nadhani alikuwa ameliandaa kutwa. "Ile kanuni niliijua. Nilifundishwa. Siku ya Maria niliikumbuka nikiwa nimesimama hapa. Ningeweza kumwambia mkunga, sema hivi na hivi, akasema mwenyewe, ikawa halali. Mtu yeyote anaweza kwenye hatari. Sikumwambia. Niliona mwanamke atafanya kazi yangu, na watu watasema, basi katekista ni wa nini? Nikajidanganya kwamba Mungu ataunganisha mkono wa yule na mdomo wangu. Na huyu wa pili nikarudia, maana nikibadilisha ningekuwa nakiri juu ya yule wa kwanza. Kosa ni langu. Maria hana kosa."

Mtoto alivuta pumzi, akakaa, akavuta tena. Nilikasirika hata nikataka kutoka nimwambie mzee maneno ambayo mgeni hapaswi kuyasema. Dada yangu akanishika mkono.

"Baba," akasema, "mtoto anakufa."

Nikaona kiatu kimoja cha mzee kikisogea hadi kwenye kizingiti, kikiwa na matope. Alikuwa tayari kuvuka. Kijiji kizima kingemcheka mpaka kaburini, na alikuwa tayari.

"Usiingie," Agnesi akasema. "Nipe maneno. Nimeyasikia maisha yangu yote, lakini sasa kichwa changu hakishiki kitu."

Mzee akayatoa pale mlangoni, moja moja, jinsi mwalimu anavyomsomesha mtoto wa darasa la kwanza. Agnesi akayarudia. Akakosea, wakaanza upya. Nikaleta maji kwenye kikombe cha bati. Kisha mzee akasema, "Sasa mimi nanyamaza. Wewe peke yako."

Zakaria alifika mlangoni akihema wakati ule ule. Agnesi akainamisha kikombe mara tatu juu ya kile kichwa kidogo na kusema, kwa sauti iliyosikika hadi uani:

"Petero, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Nilidhani amechanganyikiwa. Mtoto alikuwa Yosefu. Nikamgeukia Zakaria, na uso wake ukanistua. Akaninong'oneza: "Tangu nimwoe hajalitaja jina la baba. Mke wa mwana halitaji kamwe. Ensoni hiyo hiyo." Nje, mzee alikuwa amevua kofia na kujifunika nayo uso.

Gari lilipatikana, la mwalimu mmoja Msabato ambaye hakuuliza senti wala dini. Hospitalini walimdunga sindano siku sita. Siku ya saba akanyonya kwa hasira za mtu aliyedhulumiwa, nami nikajua ataishi.

Jumapili iliyofuata, parokiani tena. Begi langu lilikuwa begani, maana kutoka hapo ningeshika njia ya Kisii. Padri akafungua kitabu.

"Nani alimwaga maji?"

"Mimi," akasema Agnesi.

"Nani alisema maneno?"

"Mimi."

"Jina la mtoto?"

Agnesi akafungua kinywa, akakifunga. Baba mkwe wake alikuwa amesimama pale pale, akitazama dirisha. Mbele ya kifo aliweza. Mbele ya kalamu hakuweza. Akaniangalia mimi.

"Petero," nikasema. Padri akaandika.

Mwaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kuvaa koti. Nilijifunza pia kuwa nilikuwa nimeikalia sakramenti jinsi mtu anavyokalia kiti asichojua kina miguu mingapi, nikidhani ni kazi ya padri na katekista, na sisi wengine ni wa kuitikia amina. Mzee Petero sasa anawafundisha wakunga wote wa Sironga, uani, mchana kweupe, na anaanza kila somo kwa kusimulia kosa lake. Mimi si katekista, ila haya hapa: ni maji yoyote safi, unamwaga mwenyewe kichwani mara tatu, na unasema mwenyewe, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nimeyaandika ili mama yeyote wa Taita asije akasema hakuambiwa.